Pumzi ya Mwalimu Odoi

Jumatano, 2 Juni 1965
Digrii 63 za Farenhaiti saa kumi na mbili asubuhi. Mawingu, hakuna upepo.

Muhula wa pili umefunguliwa jana. Hedimasta, Bwana Mangeni, amenikabidhi kipimajoto cha shule nikitundike barazani kwangu, niandike joto la kila asubuhi kwa ajili ya somo la jiografia. Nimenunua daftari hili kwa kazi hiyo. Kwa kuwa kurasa ni nyingi na tarakimu ni chache, nitaandika na mengine.

Ninaishi Busia upande wa Kenya, nafundisha upande wa Uganda, maili saba kwenye barabara ya Tororo. Kila asubuhi navuka mpaka kwa baiskeli na kumkuta Mwalimu Odoi ananingoja mbele ya duka la vitambaa. Odoi ni Mjapadhola, ana miaka arobaini na minne, na amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na miwili. Mimi ni Msamia, nina miaka ishirini na tisa, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Tunazungumza Kiswahili, chake cha Uganda na changu cha kwetu.

Njia ni tambarare hadi maili ya nne. Hapo inashuka kwenye kinamasi chenye mafunjo, halafu inapanda mlima mrefu. Leo Odoi alishuka baiskeli chini ya mlima, akasema, "Cheni nasumbua. Wewe tangulia, mimi nakuja."

Niliitazama cheni. Haikuwa na tatizo lolote.

Jumatatu, 7 Juni
Digrii 62. Mvua ya usiku. Barabara ni tope. Odoi ameshuka tena mlimani, safari hii kwa sababu ya breki.

Alhamisi, 10 Juni
Digrii 59. Ukungu.

Si cheni wala breki. Ni kifua. Leo nilijifanya nafunga kamba ya kiatu ili nibaki nyuma yake, nikasikiliza. Kwenye tambarare anapumua kama mimi. Tukiteremka bondeni, ambako hewa ni baridi kuliko popote njiani, anafumba mdomo na kupumua kwa pua tu. Lakini mlimani pua haimtoshi. Anafungua mdomo, ile baridi inaingia moja kwa moja, na baada ya pedali ishirini hivi sauti inaanza. Ni mluzi mwembamba, na huja wakati wa kutoa pumzi, si wakati wa kuivuta.

Jambo jingine nililoliona: kikohozi hakimshiki akiwa juu ya baiskeli. Kinamshika tukishafika, akiwa amesimama. Hukohoa robo saa nyuma ya jiko la shule, kisha hunywa kahawa ya rangi isiyo na sukari. Saa nne anafundisha hesabu kwa sauti inayofika barabarani. Mtu ambaye hakumwona asubuhi hawezi kusadiki.

Tumechelewa dakika kumi. Hedimasta alikuwa mlangoni ameshika saa yake.

Jumanne, 15 Juni
Digrii 61.

Katika mkutano wa walimu hedimasta ametangaza kwamba naibu wake anastaafu mwisho wa muhula. Ofisa wa elimu kule Tororo atateua mwingine kwa kufuata pendekezo la hedimasta. Hakutaja majina. Hakuna haja. Wenye cheti cha daraja linalotakiwa ni wawili tu, mimi na Odoi.

Wakati wa kurudi Odoi aliimba njia nzima. Jioni ni joto na anapanda kutoka kinamasini bila kushuka baiskeli.

Ijumaa, 18 Juni
Digrii 60. Pancha upande wangu. Odoi ndiye aliyeiziba.

Alhamisi, 24 Juni
Digrii 57.

Leo sikumngoja. Nilitaka kujua baridi hii inafanya nini katika kifua kizima, nikaendesha kwa nguvu zangu zote. Nilijaribu kupumua kwa pua peke yake. Kwenye tambarare nimeweza. Mlimani nimeshindwa kabla ya nusu, nikafungua mdomo. Koo lilichoma kama nimemeza pilipili, meno yakauma, na nilipofika nilikohoa mara tano au sita kisha basi. Kwangu inaishia hapo. Nadhani kwake ndipo inapoanzia.

Nimefika dakika ishirini mapema. Hedimasta alinipa mkono.

Odoi alipofika hakuniuliza kwa nini nilimwacha.

Alhamisi, 1 Julai
Digrii 58. Umande mzito.

Leo alishuka bondeni kwenyewe, hata kabla ya mlima. Alikaa juu ya jiwe, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Nilisimama. Baada ya muda alisema:

"Mwalimu Osborn, wewe nimekuona unanisikiliza. Sasa sikia vizuri. Hii si tibii."

"Sijasema ni kifua kikuu, mzee."

"Mimi tangu mtoto, baridi ikija, kifua nafunga. Jua likipanda, nafunguka. Miaka kumi na mbili nafundisha. Nani nimemwambukiza?"

Akanieleza habari za kaka yake, aliyekuwa karani wa ginari, kiwanda cha kuchambua pamba. Naye alikuwa na kifua cha namna hii. Mtu mmoja alitamka neno tibii ofisini, akaambiwa akae nyumbani mpaka apone. Mke wake alirudi kwao. Hakuna aliyekuja kumwona. Alikufa baada ya miaka miwili, na Odoi anasema hakufa kwa kifua.

"Kwa hiyo usimwambie Mangeni. Mimi nakuomba tu hiyo."

Nikasema, "Sitamwambia."

Nilisema hivyo kwa urahisi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza bado.

Jumanne, 6 Julai
Digrii 56. Ukungu mpaka saa tatu.

Hedimasta ameniita ofisini wakati wa mapumziko. Alifunga mlango, akaniambia nikae. Nitayaandika maneno yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu saa nne nayapitia kichwani.

"Mwalimu Odoi anachelewa kila baridi ikizidi," alisema. "Mnakuja naye. Ana nini?"

"Anachoka mlimani, bwana."

"Anakohoa?"

"Asubuhi anakohoa."

"Sana?"

"Kiasi."

Akapanga kalamu zake mezani. Kisha akauliza, "Kuna damu?"

Nikasema, "Sijaona."

Hilo ni kweli. Sijaona damu. Lakini mtu aliyekaa naye robo saa kila asubuhi nyuma ya jiko angeweza kusema "Hakuna", na hilo pia lingekuwa kweli, kweli zaidi. Nilipotamka "Sijaona" nilimwona hedimasta akiinua uso, na nikajua amesikia nini. Ningeweza kuongeza neno. Palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa, yeye akinitazama na mimi nikiitazama ramani ya Afrika Mashariki ukutani.

Alisema, "Ahsante, Mwalimu. Hali kama hii inataka mtu mkweli."

Tumerudi pamoja jioni. Odoi alinieleza jinsi ya kufundisha sehemu za desimali kwa kutumia mahindi.

Ijumaa, 9 Julai
Digrii 57.

Odoi amepewa barua. Akae nyumbani mpaka alete picha ya kifua kutoka hospitali ya Tororo. Aliisoma amesimama mbele yetu sote katika chumba cha walimu, akaikunja mara nne, akachukua koti lake. Hakumtazama mtu yeyote. Mwalimu mmoja alifungua madirisha yote mara tu alipotoka.

Nimepewa darasa la sita pamoja na langu la tano. Watoto wamebanana watatu watatu kwenye madawati.

Jumatatu, 12 Julai
Digrii 56. Nimeendesha peke yangu. Dakika thelathini na nane, bila kusimama popote. Wazazi wawili wamekuja kuuliza kama madaftari ya darasa la sita yachomwe.

Jumatano, 14 Julai
Digrii 55.

Dorcas, mke wa Odoi, alikuwa ananingoja mbele ya duka la vitambaa, mahali pale pale ambapo mumewe husimama. Yeye huuza karanga sokoni upande wa Uganda.

"Shemeji, habari ya asubuhi."

"Njema, shemeji. Mwalimu anaendeleaje?"

"Anakaa tu. Anatazama ukuta." Alikuwa amejifunga kanga kichwani na mikononi hakuwa na kitu. "Sokoni hawanunui kwangu tena. Mama mmoja ameninunulia karanga miaka yote hii. Jana amepita kama hanioni."

Niliegemeza baiskeli ukutani mwa duka.

"Ijumaa anakwenda Tororo kwa picha. Wamemwambia awe pale saa mbili. Tulikwenda kumuulizia nafasi ya basi. Konda akasema wagonjwa wa kifua hawapandi, abiria watashuka. Sasa anasema atakwenda na baiskeli."

"Maili ishirini na zaidi. Na baridi hii?"

"Nimemwambia. Anasema afadhali baridi kuliko macho ya watu." Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Shemeji, nani alimwambia Mangeni?"

Nikasema nimechelewa, kengele itanikuta njiani. Nikapanda baiskeli.

Nimefika mapema kabisa.

Ijumaa, 16 Julai
Digrii 54 saa kumi alfajiri, kabla sijaondoka. Hiyo ndiyo ndogo kuliko zote nilizoandika. Ukungu mzito.

Naandika jioni.

Sikwenda shuleni. Sikuomba ruhusa pia, kwa sababu ningenyimwa. Saa kumi na moja nilikuwa nje ya nyumba ya Odoi. Alitoka akiwa amevaa makoti mawili na skafu ya mkewe shingoni. Aliponiona alisema tu, "Leo si shule?" Nikamjibu, "Leo ni Tororo." Hakuuliza zaidi.

Tulikwenda polepole. Nilikuwa nimeamua hivyo, kwa sababu nimeona kwamba siku anazoanza kwa haraka kifua humshika mapema. Alifunga skafu juu ya pua na mdomo, ili hewa ipate joto kidogo kabla ya kuingia. Kinamasi tulikipita tukisukuma. Mlima wetu tuliupanda kwa miguu. Tulipita shule ikiwa bado kimya, na nikafikiri kwamba tutafika.

Maili ya kumi na moja kuna bonde jingine, kubwa kuliko letu. Ukungu ulikuwa umelala ndani yake kiasi kwamba sikuona gurudumu langu la mbele. Skafu yake ililowa kabisa kwa ukungu na pumzi, akaivuta chini kwa sababu ilimziba. Hapo ndipo kifua kilipomshika. Nilisikia baiskeli ikianguka nyuma yangu.

Nilimkuta amepiga magoti ukingoni. Mluzi haukuwapo tena. Nilidhani hiyo ni nafuu, lakini nilipomsogelea nikaona kwamba hakuna hewa ya kutosha hata kupiga mluzi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alijaribu kusema jina langu, likatoka nusu.

Hakuna gari lililopita. Palikuwa na nyumba moja karibu, moshi ukitoka paani. Nikambeba hadi pale. Mwanamke wa makamo, ambaye baadaye nilisikia akiitwa Akiteng, alitufungulia bila kuuliza sisi ni nani. Alimweka karibu na jiko apate joto, lakini jikoni kulikuwa na moshi, na Odoi alianza kujipiga kifua. Nikamtoa tena nje. Akiteng alielewa. Alileta blanketi, akamfunika mgongo akiwa ameegemea ukuta wa nyumba, akaleta kahawa nyeusi nzito iliyokuwa motoni, akamnywesha kijiko kwa kijiko kama mtoto.

Nikamwambia, "Mama, watu wanasema ana kifua kikuu."

Akasema, "Watu wako wapi? Mimi naona mtu nakosa hewa tu."

Kahawa ilimpa nafuu ya kukaa, si ya kutembea. Kwa hiyo nilimkalisha kwenye keria ya baiskeli yangu, mgongo wake umegusa wangu, uso wake umeelekea tulikotoka, ili upepo wa mwendo unipige mimi. Akiteng alimfunika blanketi hadi kichwani na kutufunga pamoja kwa kamba ya ng'ombe. Baiskeli ya Odoi ilibaki kwake.

Maili kumi na kitu, na mtu mzima mgongoni. Mlima wa kwanza ulinifungua mdomo na haukufungika tena. Baridi ile niliyoiandika kama kitu cha kupima iliingia yote. Kufika maili ya tatu tangu kwa Akiteng nilikuwa nasikia ladha ya chuma. Nilihesabu pumzi zangu, na kupitia mgongoni nilihesabu zake. Mimi nilivuta moja, yeye akavuta mbili fupi. Zake zikikawia, nilipunguza mwendo nisikilize, halafu nikaendelea.

Ukungu ulipoanza kupasuka na jiwe la Tororo, ule mwamba mrefu juu ya mji, likaonekana, nilisema. Sijui kwa nini hapo. Labda kwa sababu hakuwa anaona uso wangu. Nilisema, "Mzee, ni mimi. Aliniuliza kama kuna damu, nikasema sijaona." Nilisema mara moja tu, pumzi haikutosha mara ya pili.

Mgongo wake uliendelea kupanda na kushuka.

Hospitalini walimdunga sindano mara tu walipomwona. Daktari alisema kwamba ni pumu. Saa nne walimpiga picha, na saa nane daktari akainyanyua dirishani atuonyeshe. Mapafu safi, hakuna kovu. Alieleza kwamba mtu mwenye pumu akipumua haraka kwa mdomo katika hewa baridi, mirija ya ndani inapoa na kukauka, kisha inajikaza. Baiskeli na mlima ndivyo vinavyoleta haraka hiyo. Alimpa vidonge na kumwandikia barua. Asiendeshe kabla jua halijapanda, aanze polepole, apumue kwa pua, afunike mdomo kwa kitambaa kikavu.

Tulipobaki wawili kwenye benchi Odoi alinigeukia.

"Wewe ulisema kitu njiani. Sikusikia vizuri, masikio ilikuwa nalia. Sema tena."

Nikasema tena. Safari hii nilikuwa namwona.

Muuguzi alipita na mabakuli, akarudi.

"Kwa nini hukusema hakuna?"

"Nilitaka ile nafasi ya naibu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba mwanafunzi wake ametoa jibu sahihi kwa njia asiyoipenda.

"Sawa," alisema. "Sasa nimesikia."

Jumatatu, 19 Julai
Digrii 57.

Hedimasta amesoma barua ya daktari mara mbili. Amenipa na mimi barua: onyo kwa kuacha madarasa mawili bila mwalimu. Nilimweleza kwamba nilichosema tarehe sita kilikuwa kimekusudiwa kumpotosha. Alisema, "Mimi niliuliza, wewe ulijibu. Sioni uongo." Nikasema ndiyo maana nimekuja.

Hakupenda mazungumzo hayo. Nadhani ameona kwamba na yeye alisikia alichotaka kusikia. Nilikuwa namwona kama mtu mgumu. Leo nimemwona mtu mwoga, aliyefurahi kupata wa kumpa sababu.

Jumamosi, 24 Julai
Digrii 60. Manyunyu.

Mkutano wa wazazi. Hedimasta alisoma barua ya daktari kwa Kiingereza, haraka haraka, akaketi. Mzazi mmoja aliuliza, "Kama si tibii, mbona alifukuzwa?" Hedimasta alitazama karatasi zake.

Nikasimama. Nilisema nimesafiri na Mwalimu Odoi miaka miwili, nimesikia kila kikohozi chake msimu huu wa baridi, na hapajawahi kuwa na damu. Kwamba niliulizwa na sikulisema hilo, kwa faida yangu mwenyewe. Nilieleza ile habari ya hewa baridi na mirija kwa Kiswahili, kisha mzee mmoja akaitafsiri kwa Kidhopadhola. Mama mmoja wa nyuma alisema mwanawe naye hupiga mluzi hivyo asubuhi za baridi. Mwingine akasema hata wake. Wengine waliondoka bila kusema kitu.

Dorcas alikuwa amesimama mlangoni. Nilipotoka alinipisha njia. Hakuniita shemeji.

Jumatatu, 2 Agosti
Digrii 61.

Odoi amerudi darasani. Anafika saa tatu, jua likiwa limepanda, na mimi nafundisha darasa lake mpaka hapo. Nilijitolea, akakubali. Tunapokezana chaki mlangoni. "Mmefika wapi?" "Ukurasa wa hamsini." Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Jumamosi nilikwenda kwa Akiteng kuchukua ile baiskeli. Alikuwa ameipangusa tope.

Ijumaa, 6 Agosti
Digrii 61. Jina la naibu limetoka. Ni mtu wa Tororo, hatumjui.

Ijumaa, 13 Agosti
Digrii 64. Muhula umefungwa.

Wakati wa kurudi Odoi alinisubiri getini, mara ya kwanza tangu Julai. Jua lilikuwa kali. Tuliendesha sambamba, na mbele yetu chini bondeni watu walikuwa wanakata mafunjo wakiwa vifua wazi.

Juu ya mlima akasimama, akanionyesha karatasi. Amepata uhamisho. Atafundisha huko Kisoko, karibu na nyumbani kwa mama yake. Atakuwa anatembea kwa miguu kwenda shule.

"Hongera, mzee," nikasema. "Ni kwa sababu ya baridi?"

Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Baridi ni nusu," alisema.

Nilingoja aseme nusu nyingine. Alinipa mkono, akaushika kwa muda, mkono wa joto na mkavu. Kisha akapanda baiskeli, akateremka kuelekea Busia akipumua vizuri kabisa. Nilimwacha atangulie.